Moya ao Ingine

Base ya Kamina, 14 Januari 2024

Mama Kyabu,

Salamu zitakuja nyuma. Acha kwanza nitoe hasira, juu nikiandika salamu na roho hii zitakuwa za uongo, na weye unajua harufu ya uongo hata kwa karatasi.

Papa Yav alifika na baiskeli yake, na samaki zenu, na maneno yenu. Samaki nilipokea, aksanti sana, zilikauka muzuri. Maneno nayarudisha kwa baiskeli ile ile.

Eti jamaa ilikaa kule Kinkondja ikakata shauri: kilio kikiisha, Kabange anipyane. Achukue nafasi ya ndugu yake aliyekufa: batoto, vyombo, bibi, vyote. Eti haitakuwa mateso kwangu juu Kyungu na Kabange ni mapasa, tumbo moya, siku moya, sura moya, hata kikohozi moya. "Hautaona tofauti," Papa Yav aliniambia, na alikuwa anacheka, masikini, alizania ananituliza.

Nitaona tofauti, Mama. Sitaki. Naandika tena, usije ukasema karatasi ililoana na mvua kwa masuwa, katikati ya muto: SITAKI.

Miye niliolewa na Amédée. Weye unamuita Kyungu, jina ya pacha wa kwanza, na ile jina haitembei peke yake, ukiisema lazima useme na Kabange. Juu ya ile, minyi bibi yake nilimuita kwa jina ya ubatizo. Ile ilikuwa yake, hakugawa na mutu.

Na kama bazee banataka kujua tofauti ni kitu gani, bakuje baulize kasuku. Sichezi. Unamukumbuka Kaporali, ile ndege ya kijivu, mukia mwekundu, Amédée alileta wakati alirudi kutoka Kisangani. Kule jeshi lilimuweka kuchunga kituo cha madaktari ba banyama, na akaona mwanamuke mumoja wa pale anafundisha kasuku. Si kufundisha kusema bonjour. Kufundisha kuwaza! Unaweka vitu viwili kwa sinia, unauliza. Vikifanana, ndege anasema "moya". Visipofanana, anasema "ingine". Akipata, unamupa kalanga.

Amédée alirudi na ile akili, akaanza na vifuniko vya chupa, kisha vifungo vya shati, kisha maharagi. Kambi nzima ilimucheka, eti sergent amekosa baaskari ba kuamuru, anaamuru manyoya. Siku moya akaweka vijiko viwili vya bati. Kaporali alikuwa hajawekewa kijiko hata siku moya. Akageuza kichwa, akatazama na jicho ya kushoto, akatazama na ya kuume, akasema: "Moya." Amédée aliruka mpaka akagonga kichwa kwa mulango. "Tshiala! Hakukumbuka, aliwaza! Hakuna mutu alimufundisha kijiko!"

Fikiri kidogo, Mama. Kijiko unaweza kukishika. Rangi unaiona. Lakini kufanana hakushikiki, hakuna harufu, kuko pale katikati ya vitu viwili, na mwenye kuwaza tu njo anakuona. Ndege anakuona. Na jamaa nzima na mvi yao banashindwa?

Sasa salamu. Batoto bazima. Gracia anasoma vizuri, Bolingo ametoka jino. Minyi napika bitumbula, mandazi yetu, kwa mulango ya kambi, mafuta yanapanda bei lakini batu banakula. Kula na weye, Papa Yav anasema umekonda.

Mukamwana wako,
Tshiala


Kinkondja, 2 Februari 2024

Mama Gracia, mkamwana wangu,

Barua yako imefika kavu. Lile neno la herufi kubwa nimelisoma bila miwani.

Mimi nilifundishwa kuandika na masista kabla mama yako hajaota meno, kwa hiyo usinifundishe kusoma. Nawe usijifanye mgeni wa mambo haya. Hata kwenu Kasai mapasa wana majina yao na heshima yao. Ukimnunulia mmoja viatu, unanunua jozi mbili. Ukimchapa mmoja, unamchapa na mwenzake, hata kama amelala na hajui kosa. Mmoja akipewa paja la kuku, mwingine apewe paja la kuku, na baba yao ale shingo. Mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote wala sikumpunja hata mmoja. Ndiyo maana walikua, wakati mapasa wa majirani walikufa.

Na pacha akienda, halizwi. Sisi husema amekwenda kutafuta chumvi, tunafunga mdomo, ili yule aliyebaki asivutwe kumfuata. Kwa hiyo usiniandikie habari za kilio. Mimi sikulia siku ile ya Noeli askari walipokuja na ile habari ya vita vya Est, huko mashariki, na sitalia. Kabange yupo. Nikimwona anashuka kwenye mtumbwi wake, namwona Kyungu, na moyo unatulia. Unataka kuninyang'anya hata hilo?

Habari ya ndege imenichekesha, na nilikuwa sijacheka tangu Noeli. Kasuku hurudia tu, mama! Pale misheni palikuwa na kasuku wa padri, kila anayebisha hodi alimwitikia kwa heshima zote, "Eyo vidye", hata mbuzi akipita. Hatukumbatiza.

Tena Papa Yav amenieleza ya huyo Kaporali wako. Anasema ni mlafi wa ajabu. Kutwa nzima "ingine, ingine", na wanawake wa kambi wanamtupia karanga. Hiyo ndiyo akili ya kujivunia? Kuomba nyingine hata mtoto mchanga anajua, na hahitaji sinia.

Kabange anakuja kwenu mwezi huu na mzigo wa samaki. Mpokee vizuri, msongee bukari, mtazame. Usijaribu kupiga simu. Antene ilianguka na dhoruba, na hata ingesimama, simu ya hapa inasikilizwa na soko lote.

Mama yako,
Kyabu


Base ya Kamina, 10 Machi 2024

Mama,

Kabange alifika, alikula, alirudi. Ya ile safari sina mingi ya kusema.

Lakini ya "ingine" nina mingi! Papa Yav ni mutu muzuri, samaki anaijua, ndege haijui. Sikiliza. Kambi hii iko na batu ba kila kona, kila mumoja na Kiswahili yake. Amédée anaweka kifungo na haragi kwa sinia, anauliza "moya ao ingine?", Kaporali anajibu "ingine", vile inafaa, kifungo ni kingine na haragi ni ingine. Na jirani yangu Mama Sylvie, aliyekuja na Lingala yake kutoka Équateur, anasikia nini? Anasikia ndege anaomba kalanga ingine! "Ee, chukua ingine, tumbo weye!" Anatupa. Kesho anapita na wenzake, banatupa tena. Kaporali si mujinga. Akaona kumbe neno hili linalipa hata bila sinia. Akaanza kulisema asubui, saa sita, wakati wa misa. Amédée alitaka kulia. Aliniambia: kosa si ya ndege, kosa ni ya Kiswahili yetu, tumeweka neno moya kwa kazi mbili.

Alipokufa, minyi njo nilirudilia masomo. Bamama nilibafukuza na ufagio, na Mama Sylvie alininunia mpaka leo. Polepole Kaporali akarudi kwa akili yake. Nilifanya ile kazi juu ilikuwa kazi ya bwana yangu, na juu nikiuliza "moya ao ingine" nasikia vile yeye alikuwa anauliza. Basi asiniambie mutu eti ndege anarudia tu.

Na kitu moya ya ile safari nitakuambia. Kabange alipoingia kwa nyumba yangu, Kaporali alimutazama juu mpaka chini, akapaza sauti, mbele ya batu: "Ingine!" Alimuona mara ya kwanza, na akasema mbele ya wote ile minyi nawaambia tangu mwanzo. Huyu si Amédée. Huyu ni mwingine.

Hamusadiki? Tuma vitu, viwili viwili, vyovyote unavyotaka. Tuma hata foto ya batoto yako babili. Papa Yav njo ataviweka kwa sinia, minyi nitakaa inje, mugongo kwa mulango, musije mukasema namuonesha na jicho. Kama Kaporali atasema Amédée na Kabange ni moya, nafunga mizigo, nakuja Kinkondja na batoto yangu, na Kabange atanipyana, sitafungua mudomo tena. Akisema ingine, jamaa iniache na ujane wangu.

Nimeandika na natia sahihi.

Tshiala


Bukama, 28 Machi 2024

Shemeji Tshiala,

Kalamu si kazi yangu, utanisamehe. Nakuandikia hapa Bukama, nangoja masuwa, ili Mama asione.

Mama alinisomea barua yako. Alifurahi sana. Shemeji, rudisha neno lako haraka. Usiweke batoto yako kwa mudomo ya ndege.

Kweli aliniambia "ingine". Lakini weye ulikuwa umeenda kunawa, haukuona. Gracia alinipa kalanga nimupe ndege, tuzoeane. Nilimupa moya, alikula, na ingine nilikuwa nayo kwa mukono. Njo aliipigia kelele. Alitaka kalanga, Shemeji, hakuna kingine.

Nakushukuru vile haukumuandikia Mama yote ya siku ile. Lakini minyi siwezi kuyasahau. Uliniona kwa mbali, ukaacha mafuta kwa moto, ukakuja mbio na unga mikononi mpaka kwa kiwiko, unaita "Amédée! Amédée!" Halafu ukafika karibu. Ile uso yako sitaki kuiona tena kwa maisha yangu. Na Bolingo alishika muguu wangu akasema "Papa", na minyi nikaitika. Mudomo uliitika wenyewe. Shati ilikuwa ya ndugu yangu, Mama alisema nivae.

Sijui kama nakutaka, Shemeji. Hakuna mutu ameniuliza, na hata weye haukuniuliza. Tangu utoto banatuita "mapasa, mukuje hapa", na tunaenda babili. Sasa hayuko, na banataka niwe yeye. Nikiwa yeye, Kabange atakuwa nani? Miye si kiraka cha kushonea tundu.

Mama amepata ile foto yetu ya komunyo ya kwanza. Nguo nyeupe, mushumaa kwa mukono, kila mumoja na karatasi yake. Hata minyi sijui yangu ni gani. Rudisha neno.

Kabange. Kwa ubatizo naitwa Urbain, hakuna anayetumia.


Kinkondja, 6 Aprili 2024

Mama Gracia,

Ahadi ni deni. Ulimi hauna mfupa, lakini kalamu inao, nami nimeitunza karatasi yako na sahihi yako.

Papa Yav amebeba hivi: risasi mbili za wavu, zile za kuuzamisha, kichana changu na ganda la konokono, na picha mbili za watoto wangu siku ya komunyo. Nimemwapisha asikuoneshe kabla ya wakati. Majirani wako wawepo, hata yule Mama Sylvie.

Nimekupaka chokaa chumba kile cha upande wa ziwa, hakivuji. Usione kwamba nakuwinda, mwanangu. Nakutaka hapa. Nawataka wajukuu mlangoni pangu, na watoto wangu wawili mezani pangu kama zamani.

Kyabu


Base ya Kamina, 21 Aprili 2024

Mama,

Papa Yav atakuambia, lakini nataka usikie kwangu kwanza.

Nilikaa inje, mugongo kwa mulango, vile niliandika. Kabange aliniandikia nirudishe neno, sikurudisha. Kiburi, Mama. Nilisema acha, Kaporali anamujua Amédée, alikula kwa mukono wake.

Risasi za wavu: "Moya." Bamama bakapiga makofi. Kichana na konokono: "Ingine." Makofi tena. Mama Sylvie akasema kwa sauti, kumbe njo maana yake, na minyi nilikuwa namupa kalanga bule! Nilicheka pale inje, Mama, nilisema nimeshinda. Kisha Papa Yav akaweka foto. Nilisikia makucha ya Kaporali kwa sinia, anatembea huku na huku, anatazama. Akasema:

"Moya."

Hakuna aliyepiga makofi. Nikaingia. Nikageuza foto, ya kushoto nikaweka kuume, nikauliza na sauti ya Amédée, ile mukali kidogo. "Moya." Nikashika kalanga mbele yake. "Moya." Papa Yav alitazama miguu yake. Alisema, pole, Mama Gracia, nitakusaidia kufunga mizigo.

Sikuji.

Niite muongo. Soma barua yangu ya Machi na hii ya sasa kwa soko, mbele ya bauza samaki bote, sema yule wa Kasai alitia sahihi akakimbia sahihi yake. Ni kweli, nilitia, na nakimbia. Afazali nikose neno langu kuliko nikose mutu wangu.

Na Kaporali asitukanwe! Hakukosea. Minyi njo nilikosea, nilimupa kazi isiyo yake. Nilimuuliza karatasi mbili, akanijibu karatasi mbili: nguo moya, mushumaa moya, mashavu moya. Haki yake. Mayai mawili ya kuku moya ni moya pia, lakini moya ikianguka, haitengenezwi na ile iliyobaki kwa kikapo.

Acha sasa nikuambie ile nilificha. Kabange alipofika, nilimuona kwa mbali na shati ya Amédée. Nilikimbia. Nilimuita jina. Mwili wote ulisadiki, Mama! Nilisema ile karatasi ya jeshi ilikosea, bwana yangu amerudi. Nilifika karibu, nikaona macho, na ndani ya yale macho hakuna mutu aliyenijua. Siku ya habari ya Est sikuwa pale alipokufa. Lakini ile siku nilikuwa pale, alikufa mbele yangu, kwa jua, na unga mikononi mwangu. Na weye unataka nimuone akikufa vile kila asubui, kwa chai, mpaka nizeeke?

Kabange ni mutu muzuri. Juu ya ile sitaki kumuweka kwa kazi ya kuwa kivuli.

Na weye, Mama! Ndege anaweza kudanganyika, Papa Yav anaweza, miye mwenyewe nilidanganyika. Weye hapana. Amédée aliniambia: walipokuwa wadogo, padri alibachanganya, mwalimu alibachanganya, baba yao alibachanganya mpaka kufa kwake. Weye hata gizani uliweka mukono kwa kichwa ukasema jina, na haukukosea hata siku moya. Kwa dunia nzima ni weye peke yako. Basi uniandikie na mukono wako, ile mukono masista walifundisha. Kama ni moya, nani alikufa? Nani amelala kule Est chini ya udongo wa batu hatubajui? Na kama hakuna aliyekufa, juu ya nini umekonda?

Tshiala


Kinkondja, 30 Juni 2024

Tshiala, mwanangu,

Barua yako niliichana. Siku ile ile niliokota vipande vyake, nikavitia kwenye moto wa samaki, maana niliona hata ikiwa imechanika inanitazama. Nikasema sitajibu. Mwezi ukapita, mwingine ukaanza. Papa Yav alikuja kuniuliza kama kuna mzigo wa Kamina, nikamfukuza.

Juma lililopita nilikuwa ufukweni nageuza samaki juu ya kichanja. Kabange akarudi na mtumbwi. Alikuwa amenipa mgongo, anafunga kamba. Sijui ni nini kiliniingia. Nikaita kwa makusudi: "Kyungu!"

Akageuka akaitika, "Niko hapa, Mama." Mara moja tu nilimwita, akaitika. Kwa utii, na huku anaogopa.

Mumeo hakuwahi kuniitika mara ya kwanza, hata siku moja. Ilibidi niite mpaka sauti ikauke, halafu atokee nyuma yangu na kunishika masikio, mjinga yule, mpaka siku anaondoka kwenda jeshini alinifanyia hivyo mbele ya watu wa gari. Nilisimama pale na samaki mkononi nikingoja kushikwa masikio. Tshiala, nilingoja kweli. Kabange alinitazama tu. Hapo nikalia.

Nililia kama mwanamke asiye na adabu, chini, mchangani, na samaki wakaungua. Wanawake walikimbia kuniziba mdomo. Shemeji yangu Monga, mkubwa wa jamaa sasa, akaja na fimbo yake anapiga kelele: "Pacha halizwi! Nyamaza, unamwua na huyu mwingine!" Nikamwambia, Monga, lia na wewe, au nipishe. Akasema nimerukwa na akili. Nikamwambia nilikuwa nimerukwa tangu Noeli, leo ndiyo zimerudi.

Kabange alikaa karibu nami mchangani. Hakufa. Alilia hata kunishinda. Kumbe tangu ile habari ije, hakuna aliyemruhusu, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumkataza.

Jana jamaa imekaa. Wamesema nimevunja desturi, lazima nioshwe. Nimewaambia waoshe kwanza ziwa, wakimaliza waje kwangu. Wamesema basi Kabange akupyane upesi, kabla ubaya haujaingia. Kabange akasimama, akasema hataki, wala jina lake si mapasa, ni Urbain. Monga alidondosha fimbo. Nami nikasema mke wa mwanangu si wavu wa kurithiana, na anayetaka kwenda Kamina kumchukua apite juu yangu, nimekonda lakini bado ni mzito. Shauri limekwisha. Hakuna aliyeridhika, na sijali.

Nakuja Kamina na treni ya kwanza itakayopita Bukama. Siji kukuchukua. Nataka kulia na mtu aliyemjua, huku wananitazama kama mchawi. Chumba chenye chokaa amekihamia Urbain.

Sasa swali lako. Monga alinikataza mbele ya watu wote nisije nikalitamka jibu, kwamba mama wa mapasa halisemi kamwe. Uliniambia niliandike kwa mkono wangu. Nilizaa watoto wawili, Tshiala. Amédée amekufa.

Mama yake,
Kyabu